Chuma Kilichomo Katika Damu Yetu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chuma. Si chuma cha jembe wala cha panga, bali kile kilichomo ndani ya damu ya kila mtu. Huenda wengine watacheka wakisikia ya kwamba mtu ana chuma mwilini. Walakini ni kweli tupu. Mtu mzima mwenye afya ana chuma kipatacho gramu 3 au 4 tu katika mwili wake wote. Kwa kupungukiwa na kitu kidogo kama hicho, mtu hodari hulegea, na mama mjamzito aweza kupoteza uhai wake.

Kazi ya chuma hicho ni nini? Katika hewa tunayoivuta mna oksijeni, na pasipo hiyo mwili hauwezi kufanya kazi. Chembe nyekundu za damu huipokea oksijeni mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini, kama wapagazi wachukuavyo mizigo. Chuma ndicho kiishikacho oksijeni ndani ya chembe hizo. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na mwili hutengeneza nyingine. Chuma cha zile zilizokufa hutumika tena, lakini sehemu yake hupotea, na kilichopotea sharti kirudishwe kwa chakula. Kisiporudishwa, wapagazi huwa wachache na dhaifu.

Dalili zake ni hizi. Mtu wa Mgeta au Kinole huijua milima ya Uluguru tangu utotoni. Huteremka alfajiri na mzigo kichwani, akapanda tena jioni. Mtu kama huyo akianza kutweta mahali alipopazoea, moyo ukimpiga mbio, kichwa kikizunguka, na mwili ukichoka asubuhi kabla ya kazi, asidhani ni uzee tu, wala asimshuku jirani kuwa amemroga. Hali kadhalika mtoto asinziaye darasani si lazima awe mvivu. Tazameni ndani ya ukope wa chini wa jicho, na viganja vya mikono, na ulimi. Pakiwa peupe mahali palipostahili wekundu, yafaa mtu huyo akapimwe damu. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo. Wazee wetu waliijua hali hii ya kupauka na kulegea, wakaiita safura.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Na kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, walikuwa 58. Si wote waliopungukiwa na chuma, kwa maana malaria, minyoo na ugonjwa wa selimundu pia hupunguza damu. Lakini ukosefu wa chuma ni sababu mojawapo iliyo kubwa.

Neno la kusikitisha ni hili: chakula chenye chuma tunacho. Milimani mwetu twavuna maharage na njegere. Twachuma mchicha, mnavu, matembele, kisamvu na majani ya kunde. Twafuga kuku na mbuzi. Katika soko la Morogoro dagaa hupimwa kwa vikopo. Lakini mara nyingi kilicho bora huteremshwa mjini kuuzwa, na nyumbani hubaki ugali na mboga kidogo. Hatusemi watu wasiuze, maana karo na nguo hazina budi kulipwa. Twasema tu, mtu asiuze yote. Kibaba cha maharage kilichobaki jikoni chaweza kuwa na faida kuliko bei yake.

Tena yafaa kujua ya kwamba chuma cha vyakula si cha namna moja. Kilicho katika nyama, ini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kilicho katika maharage na majani huingia kwa shida, na kingi hupita bure. Walakini kina rafiki na kina adui. Rafiki yake ni matunda, kama vile chungwa, limau, pera, papai na embe. Mtu akila tunda pamoja na maharage yake, chuma kingi zaidi huingia. Adui yake ni chai, na kahawa pia. Vitu vilivyomo katika chai hukishika chuma tumboni kisipate kuingia katika damu. Basi, msinywe chai pamoja na chakula. Ngojeni muda wa saa nzima au mbili. Na watoto wadogo wasizoezwe chai kabisa. Mtoto apatapo miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Aongezewe maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, au ini kidogo.

Sasa twataka kusema neno na wazee wa nyumba. Kwa kipimo kilichotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2001, mwanamume mzima ahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke wa umri wa kuzaa, 18. Na mjamzito, 27. Sababu yake ni kwamba mwanamke hutokwa na damu kila mwezi, na akiwa mjamzito huhitaji chuma cha watu wawili. Lakini twapogawa kitoweo, nyama hupewa nani? Mara nyingi huwekwa katika sahani ya baba, na mama hubakiwa na mchuzi. Sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ikiwa ukoo ni wake, basi damu yake ndiyo akiba ya ukoo mzima. Mama mwenye damu haba akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua hana cha kumwokoa. Mgawieni mama kwanza.

Wako pia wezi wa damu. Minyoo ya safura huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu iliyo wazi penye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha hushika utumbo na kunyonya damu kila siku. Dawa yake ni choo chenye shimo, viatu, na vidonge vya minyoo. Malaria nayo huziharibu chembe za damu; kwa hiyo lalieni vyandarua.

Mwisho, habari za vidonge vya chuma. Mjamzito aende kliniki mapema, navyo avimeze kama alivyoagizwa. Choo kikiwa cheusi asiogope wala asiache. Ni chuma chenyewe kisichoingia mwilini. Lakini watoto wadogo wasipewe vidonge hivi kwa kukisia. Kisiwani Pemba, mahali palipokuwa na malaria nyingi, watoto walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki katika uchunguzi mkubwa. Habari zilizotangazwa mwaka 2006 zilionyesha ya kwamba waliopewa walilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza, tena atibiwe malaria akiwa nayo, na mganga ndiye aamue. Mwenye selimundu naye asinunue vidonge hivi dukani bila ya kumwuliza daktari.

Wasikilizaji, mambo ya kushika si mengi. Acheni sehemu ya maharage na mayai nyumbani. Kuleni tunda pamoja na mboga. Chai ingoje. Mama na watoto wagawiwe kitoweo ipasavyo. Chimbeni vyoo. Na mwenye kupauka aende zahanati, asiende kwa mpiga ramli. Mambo haya hayangoji mavuno ya mwakani. Mengi yaweza kuanzwa jioni hii, chakula kitakapopakuliwa.