Seva Isiyovuka Uniti 75: Kuchagua Ubao Mama na Prosesa kwa Nyumba za Lushoto

Mada kwa walimu wa kompyuta na mafundi



Nimeombwa nizungumzie prosesa, lakini nitaanza na luku. Kwa bei zilizopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka zifike 75 kwa mwezi, na kila inayozidi ni shilingi 350. Akizoea kuvuka huhamishiwa daraja la T1, na huko kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Kodi na tozo sijazigusa.

Seva huwaka mchana na usiku, saa 720 kwa mwezi, kwa hiyo kila wati 10 inazokula ni uniti 7.2. Tuchukue nyumba inayotumia uniti 50: taa, redio, televisheni, pasi. Mwenye nyumba akiwasha kompyuta ya mnara iliyotupwa na ofisi, inayokula wati 50, anaongeza uniti 36 na kufika 86. Akishahamishiwa T1 atalipa shilingi 25,112. Angeweka mashine ya wati 10 angebaki D1 na kulipa shilingi 5,720. Tofauti ni zaidi ya shilingi 19,000 kila mwezi. Ndiyo maana kompyuta ya kupewa bure naihesabu kuwa ghali kuliko zote.

Sasa prosesa. Wengi husoma wati zilizoandikwa kwenye kasha wakadhani ndizo zitakazokatwa kwenye luku. Namba ile humwambia mtengenezaji wa kompyuta ni joto kiasi gani apange kuliondoa prosesa inapofanya kazi nzito. Seva ya nyumbani, yenye masomo ya Kolibri, Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix na picha za familia, hukaa bure sehemu kubwa ya siku. Kinachoamua bili ni inakula nini ikiwa imetulia. Core i5-6500 imeandikwa wati 65 na ndugu yake i5-6500T wati 35, lakini zikitulia hazipishani sana. Herufi T inapunguza kilele tu. Faida yake ni kwamba kasha dogo na feni ndogo hutosha.

Zaidi ya prosesa, ubao mama ndio unaoharibu hesabu. Prosesa za kisasa hushuka hatua kwa hatua katika usingizi, lakini kipande kimoja kisichojua kulala, kama kadi ya mtandao ya bei rahisi au chipu ya ziada ya kuongeza diski, huizuia isifike chini. Kwa hiyo ubao wenye matundu mengi usiyoyahitaji si neema. Baada ya kufunga Linux, endesha programu ya powertop uone prosesa inafika wapi. Kisha ingia BIOS, zima sauti, bandari za zamani na chochote kisicho na kazi. Kipimo cha mwisho ni kifaa cha kupima wati kinachochomekwa kwenye soketi. Maneno ya muuzaji hayatoshi.

Pawa saplai nayo ina lawama yake. Kutumia ya wati 500 kulisha ubao unaohitaji wati 15 ni kupandisha Fuso kutoka Mombo kwa ajili ya tenga moja la mapea: katika mzigo mdogo kiasi hicho ufanisi huanguka, na cheti cha kawaida cha 80 PLUS hakikulindi kwa sababu kipimo chake huanzia asilimia 20 ya mzigo. Adapta ya nje, kama ya laptopu, inafaa zaidi. Diski kubwa ya inchi 3.5 nayo hula wati kama tano ikizunguka tu. Kama data si nyingi, weka SSD.

Chaguo langu kwa nyumba nyingi ni kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zinazouzwa Kariakoo: OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny, EliteDesk Mini. Zikitulia huwa karibu wati 10 na vipuri vyake vinapatikana. Raspberry Pi inakula umeme kidogo kuliko hizo, lakini kadi yake ya SD haivumilii umeme wa kukatikakatika. Ukiichagua, iwashe kutoka SSD. Ubao wa Intel N100, prosesa iliyotoka mwaka 2023 na kuandikwa wati 6, nauweka kwa anayetegemea betri na paneli za jua, kama huko Mlalo au Mtae, kwa kuwa mbao nyingi za aina hiyo hupokea volti 12 moja kwa moja. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100, ukitumia nusu tu ili idumu, ina wati-saa kama 600: mashine ya wati 10 inaweza kwenda siku mbili na nusu, ile ya mnara saa 12. Inveta iachwe kando, maana yenyewe hula hata bila mzigo. Ila betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na ushee, hivyo ubao ulioandikwa volti 12 tupu uwekewe kidhibiti cha volti katikati. Ukungu wa Juni na Julai utakupunguzia jua; hesabu paneli kwa miezi hiyo, si kwa Januari.

Baridi yetu hapa Lushoto, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, inatuwezesha kutumia ubao usio na feni kabisa, jambo ambalo Tanga mjini ningelifikiria mara mbili.

Kabla ya kununua, uliza kama BIOS ina mpangilio wa kuiwasha mashine yenyewe umeme ukirudi. Usitosheke na jibu. Uweke mpangilio huo, chomoa waya mashine ikiwa inafanya kazi, subiri dakika moja, chomeka, kisha kaa mbali na kitufe uone kama inawaka.