Siku ya Tatu Mpe Jembe

Maneno yetu ya jioni hii ni juu ya mgeni: atuletea nini, nasi yatupasa kumtendea nini.

Sote twaijua mithali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wako waitumiao kama fimbo ya kumfukuzia mtu, kana kwamba maana yake ni, "Umetuchosha, nenda zako." Lakini na tuitazame vema. Mtu umtakaye aondoke humpi jembe. Wampa posho ya njiani. Umpaye jembe umekwisha kumwambia ya kuwa lipo shamba, na mwenye kulima ana haki ya kungoja mavuno, na angojaye mavuno amekuwa mtu wa kijiji. Basi mithali hii haimwondoi mgeni, bali yamwondolea ugeni.

Tena, jembe lenyewe lilitoka wapi? Zamani, kabla ya majembe ya Ulaya kuenea, Wasukuma wengi waliyapata majembe yao Uzinza, upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, walikokaa Warongo, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma. Majembe yale hayakuwa ya kulimia tu. Yalikuwa mali, na watu walioa kwayo. Kwa hiyo jembe tumpalo mgeni, sisi wenyewe tulilipewa na watu wa kabila jingine.

Tuingie na shambani. Muhogo, mahindi, viazi vitamu na karanga asili yao ni Amerika, ng'ambo ya bahari. Tuingie na ziwani. Sangara, ambaye leo ni mali kubwa ya ziwa hili, hakuwamo humo zamani; alitiwa katika miaka ya 1950. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa sangara amekula wageni wawili katika chakula kimoja, naye husema, "Hiki ndicho chakula cha kwetu." Asema kweli, kwa maana kitu huwa cha kwetu kwa kukitumia na kukitunza, si kwa kuota hapa tangu mwanzo wa dunia.

Na mji wa Mwanza ni vivyo hivyo. Wadachi walijenga kituo chao hapa mwaka wa 1892, na reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka wa 1928. Kwa njia ya reli na ya meli walikuja Wanyamwezi, Wahaya, Wajita, Wakerewe, Wakara, Wajaluo na watu wa Pwani. Wakaja Waarabu na Wahindi wakafungua maduka. Hata leo, ukienda Mwaloni kule Kirumba, utawaona wanunuzi wa dagaa waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, wakipatana bei kwa Kiswahili. Kila mmoja ana lafudhi yake, lakini hesabu ya fedha wote huifahamu.

Hapa pana mtu atakayetuuliza, "Je, mgeni mwenye hila naye tumpe jembe?" Swali hili ni la haki, nasi hatutalikwepa. Wakulima wa pamba wa nchi hii waliwanung'unikia kwa miaka mingi wafanya biashara walionunua pamba yao, wakisema ya kuwa mizani yawaibia. Wengi wa wanunuzi hao walikuwa Wahindi, na ilikuwa rahisi kusema, "Wafukuzwe wote." Wakulima hawakufanya hivyo. Walijifanyia vyama vyao vya ushirika, wakapima pamba yao wenyewe, na mwaka wa 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho kubwa, na Bwana Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Hivyo dawa ya mizani mbaya ilikuwa mizani iliyo njema. Mwizi ashtakiwe kwa wizi wake, wala asishtakiwe kwa kabila lake, kwa sababu kabila halikuiba.

Ng'ambo ya ziwa hili hili tuliona njia nyingine. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda kwa muda wa siku tisini. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu, na wengi wa waliogawiwa hawakujua kuviendesha. Haukupita muda mrefu, sukari na sabuni zikawa adimu. Waliofukuzwa walipata hasara, na waliobaki vilevile.

Na sisi tusijione wema kuliko majirani. Ni kweli, Tanzania imepokea wakimbizi wengi sana. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 1994 watu kadiri ya robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapokewa Ngara. Na Warundi zaidi ya 160,000, wa wale waliokimbia mwaka wa 1972 pamoja na watoto wao, wamepewa uraia. Lakini mwaka wa 2013, katika operesheni iliyoitwa Kimbunga, maelfu ya watu waliondolewa Kagera, Geita na Kigoma. Serikali ilitaka kukomesha ujambazi na uhamiaji usio halali, na hayo ni wajibu wa kila serikali. Hata hivyo, miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliokaa miaka mingi, wenye mashamba, wenye waume au wake wa hapa. Hao walikuwa wamekwisha kupewa jembe. Jirani aliyekula mavuno yao alipowaona wakienda, alikuwa na neno la kusema, na pengine hakulisema.

Tukumbuke pia ya kuwa sisi nasi tu wageni mahali pengine. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walichukua mizigo vichwani na mabegani mpaka Bagamoyo, wakalala katika vijiji vya watu. Leo wafugaji wa Kisukuma wamefika Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, na huko kumetokea ugomvi kati ya ng'ombe wao na mashamba ya wenyeji. Twapenda ndugu zetu hao wasikilizwe huko waliko. Basi na tuwasikilize walioko kwetu. Na mgeni naye ana wajibu wake: aishike sheria, ajifunze lugha, asilishe mazao ya mtu, wala asiidharau desturi ya mji uliompokea.

Tutamaliza kwa jambo la huzuni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi walizikwa Igoma. Walipanda meli ile kwa kabila, kwa dini na kwa kazi zao mbalimbali, na maji hayakumwuliza mtu kwao ni wapi. Tena watu wa Mwanza waliokwenda kuwaopoa na kuwachimbia makaburi hawakuuliza. Walishika majembe, wakachimba.

Haifai tungoje siku kama ile ndipo tulitoe jembe. Lipo nyumbani mwenu na mwetu. Kesho, mgeni aliye jirani yako akipiga hodi, mkaribishe; na siku ya tatu ikifika, mwonyeshe na shamba.

Kwaherini.