Juu ya Kutii Sheria Katika Umoja wa Nchi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mtwara)



Huenda wengine wakadhani kwamba sheria katika umoja wa nchi ni neno la mabaraza makubwa, si la makarani wa Mtwara. Sisi twaona sivyo. Tukaao karibu na Ruvuma twajua kwamba mpaka wetu ni mto, na watu wa kando zote mbili ni ndugu. Mmakonde wa Kilambo ana shangazi yake ng'ambo, lakini akivuka hana budi kuwa na hati. Asipokuwa nayo sheria humshika, wala hakuna amwulizaye kama sheria hiyo yampendeza.

Basi swali letu ni hili: sheria imshikayo mtu wa mtumbwi, je, yaweza kuishika Serikali?

Mwaka 1992, mjini Windhoek, nchi za kusini mwa Afrika zilitia sahihi mkataba wa jumuiya ya SADC. Tanzania na Msumbiji zimo zote mbili. Katika kifungu cha 4 ziliahidi kufuata haki za binadamu, demokrasia na utawala wa sheria. Tena ziliweka mahakama, na majaji wake wakaapishwa huko Windhoek mwaka 2005, ili ahadi isiwe maneno matupu.

Jaribio lilikuja mwaka 2007. Mkulima wa Zimbabwe, Mike Campbell, alishtaki kwamba shamba lake linatwaliwa, na wengine wengi wakajiunga naye. Habari ya ardhi ya Zimbabwe ni nzito. Wenyeji walinyang'anywa ardhi hiyo zamani za ukoloni, na dhuluma ile hatuikani. Lakini mwaka 2005 Zimbabwe ilikuwa imegeuza katiba yake, hata mwenye shamba asiweze kwenda kortini kupinga kutwaliwa kwake. Tarehe 28 Novemba 2008 mahakama iliamua kwamba kumfungia mtu mlango wa korti ni kuvunja mkataba, kwamba wakulima wale walibaguliwa kwa rangi yao, na kwamba walipwe fidia. Zimbabwe ilikataa kutii.

Mahakama ikapeleka habari kwa wakuu wa nchi. Hapo ndipo penye aibu, Mabwana. Wakuu hawakumwadhibu aliyekataa. Agosti 2010 waliisimamisha mahakama yenyewe. Mwaka 2012, mkutanoni Maputo, wakaazimia kwamba mahakama mpya isikilize mashauri ya dola na dola tu. Raia akabaki nje.

Kumbukeni kwamba Mei mwaka huo huo wa 2010 Marais wa Tanzania na Msumbiji walifungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya Ruvuma yetu. Magari yalipata njia, na baada ya miezi mitatu malalamiko ya raia yakaikosa.

Wako wasemao kwamba nchi huru haihukumiwi na wengine. Twawajibu kwamba Zimbabwe haikulazimishwa. Ilitia sahihi kwa hiari yake. Hata katika chama chetu, mwanachama aliyepitisha kanuni hawezi kuikana siku atakiwapo kulipa faini. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikikata upande mmoja tu, ni panga mkononi mwa mwenye nguvu.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani. Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala, washtakiwa waliopewa dhamana wasiachiliwe. James Katabazi na wenzake wakashtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, nayo tarehe 1 Novemba 2007 ikatamka kwamba Uganda ilivunja mkataba. Mahakama hiyo ingali ipo. Na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Tanzania, kwa shauri la Chama cha Mawakili wa Tanganyika, ilitamka kwamba nchi yetu ilikwenda kinyume cha utawala wa sheria iliposhiriki kuisimamisha mahakama ya SADC. Tumehukumiwa nyumbani kwetu wenyewe, na hukumu ile ni heshima kwetu.

Basi sisi makarani tufanyeje? Hatuna amri juu ya Marais, lakini hukumu hupita mezani petu. Tuliwahi kuona, katika ofisi moja, amri ya korti ikilazwa chini ya majalada kwa sababu ilimshinda mkubwa. Tulijua, tukanyamaza. Kunyamaza kwetu na kule kwa wakuu wa nchi ni jambo moja, ila ukubwa wake tu.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, amri ya korti ifikapo, iandikwe kitabuni siku ile ile na ipelekwe mbele, hata ikimwudhi nani. Pili, mwananchi akituuliza, tumweleze kwamba mkazi wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aweza kushtaki Arusha mwenyewe, lakini ndani ya miezi miwili tangu jambo lilipotendwa au alipolijua. Shangazi wa ng'ambo hana mlango huo, maana Msumbiji haimo katika jumuiya hiyo, na ule wa Windhoek umefungwa. Tulio nao tusiuache ukaota kutu.