Maoni ya Mwalimu Mbele ya Darasa



Mwezi Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu kazi ya kufundisha Pugu. Alikuwa Rais wa TANU, chama kilichozaliwa Julai 1954, naye alitakiwa kuchagua moja: ualimu au siasa. Swali lile halijakwisha. Je, mwalimu aache maoni yake nje ya mlango wa darasa?

Kwa Lushoto mfano mzuri ni matuta ya Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi udongo. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, na asiyetii aliadhibiwa. Wengi walikataa: kazi ilikuwa nzito, mashamba madogo, na amri ilitoka kwa watu ambao hawakuwauliza wenye mashamba. Upinzani ule uliipa TANU nguvu Usambara, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Hata hivyo udongo uliendelea kuporomoka. Kuanzia 1981 mradi wa SECAP ulirudi kwenye milima hiyo hiyo kuhimiza kontua, majani ya malisho na upandaji miti.

Sasa mwanafunzi mmoja aandike kwamba wazee walikosea, mwingine aandike kwamba walikuwa na haki. Mwalimu naye ana maoni yake. Huenda babu yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokataa. Kujifanya hana maoni hakumdanganyi mtoto yeyote. Aseme wazi kwamba hayo ni maoni yake, atoe sababu, kisha awaache wanafunzi wampinge. Asichoruhusiwa ni kuyageuza kuwa alama. Kwamba mvua hubeba udongo wa mteremko usiokingwa si suala la maoni, na hapo asiyumbe. Kama amri ile ilikuwa ya haki ni suala la hoja, na hoja husahihishwa kwa ushahidi wake. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilidai mwanafunzi mdadisi, si kasuku.

Kadi ya chama na mahubiri ya dini ni jambo jingine kabisa. Mtoto wa darasa la tano hakumchagua mwalimu wake, wala hawezi kutoka akichoka kumsikiliza.

Mzazi anayeona mtoto wake amepunguziwa alama kwa sababu ya msimamo wake aende kwa mwalimu mkuu. Asiporidhika, amwone Afisa Elimu Kata. Aende na daftari lenyewe, ili jibu la mtoto na masahihisho ya mwalimu yasomwe pamoja.