Wanaokaa Kamati ya Shule ni Akina Nani?



Upo mkutano mmoja ambao karibu kila mzazi wa Kigoma na Ujiji amewahi kuitwa, na wengi wetu hatukwenda. Ni mkutano wa kuchagua wajumbe wa kamati ya shule. Barua huletwa na mtoto, imekunjwa mara nne, ina alama ya mawese kwenye pembe, na inasema mkutano utaanza saa nne asubuhi bila kukosa. Saa nne wapo wazazi wanne. Saa sita benchi zimejaa nusu. Ikifika saa saba kila mtu anataka kwenda kupika au kufungua genge lake, na hapo ndipo sauti inapotoka nyuma: "Mzee fulani anatosha!" Makofi yanapigwa, mwalimu mkuu anaandika jina, kamati imepatikana.

Leo napenda tuzungumze juu ya huyo mzee fulani. Ni nani? Amefanya kazi gani maishani? Na kwa nini mara nyingi ni yeye, wala si yule mvuvi wa Kibirizi ambaye watoto wake wanne wamo katika shule hiyo hiyo?

Wapo watakaosema kamati ya shule ni jambo dogo. Zamani kauli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati kwa shule za msingi na bodi kwa shule za sekondari, lakini kwa miaka mingi kazi kubwa ya kamati ilikuwa kuhimiza wazazi wafyatue matofali na kumkumbusha mtendaji juu ya watoto watoro. Mambo yaligeuka mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Ada ilikwisha kufutwa, na watoto wakafurika. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa milioni 4 na ushei mwaka 2000. Mwaka 2005 walizidi milioni 7. Fedha za kujenga madarasa na kununua vifaa zikaanza kufika shuleni, na kamati ndiyo iliyopewa kazi ya kupanga matumizi yake na kuyasimamia. Tangu Januari 2016, chini ya utaratibu wa elimu bila malipo, ruzuku hutumwa moja kwa moja katika akaunti ya shule. Mwaka 2021, katika zile Shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na athari za UVIKO-19, serikali ilipanga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Mengi hayakujengwa na mkandarasi mkubwa. Shule ilinunua saruji na bati, ikatafuta fundi wa karibu, na watu wa mahali hapo wakahesabu mifuko ikiingia stoo.

Sasa basi, anayehesabu mifuko ni nani?

Katika mji wetu mtu wa kwanza ni mstaafu, na hasa mstaafu wa reli au bandari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji huu umelea vizazi vya makarani, mafundi mitambo, watunza stoo na wapiga mihuri. Mzee wa namna hii ukimweka katika kamati umepata mali. Anajua hati ya malipo inavyoandikwa. Anajua kwamba risiti isiyo na tarehe ni karatasi ya kufungia karanga. Akiambiwa mifuko 60 imetumika kwenye sakafu ya darasa moja, hauliza kwa sauti ya juu. Anavaa miwani, anatoa kalamu, anaanza kugawanya. Nimewaona walimu wakuu wakitoka jasho mbele ya wazee wa aina hiyo, na ni jasho la heri.

Lakini mzee huyu watoto wake walimaliza shule siku nyingi. Huenda ana mjukuu mmoja pale, huenda hana. Hajui kwamba choo cha wasichana hakina mlango tangu masika, kwa sababu hakuna mtoto anayerudi nyumbani kwake na kumwambia.

Mtu wa pili ni mfanyabiashara wa Mwanga au wa soko la Ujiji. Huyu naye ana faida yake: bei ya bati anaijua kuliko afisa yeyote, na shule ikikwama Ijumaa jioni anaweza kutoa mifuko kumi kwa mkopo. Taabu inakuja pale duka lake ndilo linalouza hayo mabati. Mtu yule yule anakaa upande huu wa meza akiwa mjumbe anayechagua bei nafuu, na upande ule akiwa muuzaji mwenye bei. Hata awe mwaminifu kiasi gani, wazazi hawatalala na imani naye. Dawa yake ipo na haihitaji kumfukuza mtu: aseme mapema kwamba ana duka, aandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na bei yake ikijadiliwa atoke nje akanywe kahawa. Ajabu ni kwamba sisi tunamjua vema ana duka, kila mtu anajua, lakini kumwuliza kikaoni tunaona ni kumvunjia heshima.

Baada ya hao wapo mwalimu mstaafu, kiongozi wa dini, mwenyekiti wa mtaa, na kijana mwenye shati lililopigwa pasi ambaye mwaka wa uchaguzi wa madiwani utamkuta tayari anajulikana. Huyo wa mwisho simlaumu sana. Angalau mikutanoni anafika.

Nimesema tunaona haya kumwuliza mtu habari za duka lake. Lakini lipo swali ambalo hatulionei haya hata kidogo. Jina la mtu likitajwa, hasa akiwa si mzee mwenye cheo, mnong'ono unapita benchi hadi benchi: "Kwani yule si mtu wa ng'ambo?" Au: "Babake alitoka Burundi." Wengi walionong'onwa hivyo huketi chini kimya, na hawagombei tena.

Hebu tutazame tunavyojisahau. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta Waarabu na watu wa pwani wanafanya biashara. Mwinyi Heri, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji katika miaka ya 1870, asili yake ilikuwa Mrima. Wamanyema walivuka ziwa kutoka Kongo, wakajenga, wakazaa, wakazikwa hapa. Leo huwezi kuieleza Ujiji ukiwaacha nje. Waha walishuka kutoka milimani. Wabembe na Wagoma ndugu zao wako pande zote mbili za maji. Reli ilileta watu wa kila stesheni kuanzia Tabora hadi Dar es Salaam. Na mkutano mashuhuri kuliko yote uliopata kufanyika Ujiji, ule wa Livingstone na Stanley mwaka 1871, ulikuwa mkutano wa wageni wawili! Tukianza kuwaondoa kwenye benchi wote ambao babu zao walikuja, atabaki mwalimu wa zamu peke yake, naye pengine amehamishwa kutoka Kagera.

Sisemi uraia ni mchezo. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972 na tena 1993, na wa Kongo kuanzia 1996, na sheria za nchi zina mahali pake. Lakini Idara ya Uhamiaji ina ofisi yake na maafisa wake. Mnong'ono wa kwenye benchi hauchunguzi uraia wa mtu. Unachofanya ni kumnyamazisha mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la nne na ambaye ana jambo la kusema juu ya darasa hilo la nne.

Ugomvi huu wa nani mwenyeji na nani mgeni uko hata kwa wenzetu wa mbali. Mji wa Chicago, Marekani, ni mji wa wahamiaji kama Ujiji, ila mkubwa zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1988 kila shule ya serikali ilipewa baraza lake: wazazi sita, wakazi wawili wa mtaa, walimu wawili na mkuu wa shule. Baraza hilo lilipewa uwezo hata wa kumchagua mkuu wa shule. Mzazi anaruhusiwa kupiga kura na kugombea hata kama si raia wa Marekani, maana kinachotazamwa ni kama mtoto wake anasoma pale. Kwa upande mwingine, anayegombea anaweza kuandika maelezo mafupi juu yake mwenyewe ili wazazi wayasome kabla ya kura, na akishachaguliwa hutakiwa kutaja maslahi yake ya kifedha. Msidhani kule ni peponi. Shule nyingi hukosa wagombea wa kutosha, kama huku. Lakini swali la asili wameliweka kando, na swali la maslahi wameliweka mezani. Sisi tumefanya kinyume chake. Jirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya elimu ya mwaka 2013, waliandika kabisa nani awemo katika bodi ya shule, wakitenga hata nafasi ya kuwawakilisha watu wenye mahitaji maalumu, ili isiwe hisani ya mkutano.

Nirudi ziwani, kwa yule mvuvi wa Kibirizi.

Husemwa kwamba mvuvi hafai katika kamati kwa sababu kisomo chake ni kidogo na hesabu hazijui. Anayesema hivyo hajapata kusimama Kibirizi au Katonga alfajiri mitumbwi inaporudi. Dagaa wanauzwa pale pale. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Yanatolewa mafuta ya mashine, zamani yalitolewa na ya karabai, leo ni betri za taa. Inatolewa gharama ya kushona nyavu. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na vijana wake kwa mafungu wanayoyajua wote. Hakuna anayeondoka hajui mafuta yalikuwa lita ngapi. Hesabu hiyo hufanywa kila siku ya kazi, mchangani, bila mkaguzi, na likipotea fungu moja kelele zake zinasikika hadi stesheni. Sasa linganisha na ubao wa matangazo wa shule nyingi, ambapo taarifa ya mapato na matumizi, kama ipo, ni ya mwaka juzi na imefunikwa na tangazo la mechi.

Na wanawake wanaoanika dagaa? Hao ndio daftari la mahudhurio la kweli. Saa mbili asubuhi wanajua ni watoto gani wako mchangani badala ya darasani, kwa sababu wengine ni wao, na wanajua sababu: nyumbani hakuna unga, au baba yuko kambi ya kusini kuelekea Sunuka na Buhingu na hajatuma kitu. Hao hao wanaendesha upatu wa watu ishirini bila shilingi kupotea. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni. Msichana huyo akirudi na mama yake, na suala lake likafikishwa kwa kamati, wakakuta wanaume tisa wamekunja mikono, mtoto huyo ataeleza nini? Mama mmoja wa dagaa mezani angebadili kikao kizima.

Kwa nini basi hawamo? Sababu moja ni haya, nyingine ni ule mnong'ono. Lakini iliyo kubwa ni ndogo kiasi cha kuchekesha: saa ya mkutano. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Saa nne asubuhi katika siku za giza, mvuvi ndiyo kwanza amelala, na mkewe yuko juani anageuza dagaa wasioze. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifai kitu, vyombo vinapumzika, wanaume wako barazani wanashona nyavu na kucheza bao. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ni shule ngapi za kando ya ziwa zilizofikiri kuita wazazi katika miezi hiyo?

Ombi langu kwa walimu wakuu na wenyeviti wa kamati ni dogo. Kabla ya kura, kila anayependekezwa asimame dakika mbili aseme kazi yake, ana watoto wangapi pale shuleni, na kama yeye au nduguye anauza chochote ambacho shule hununua. Na barua zile zinazokunjwa mara nne ziandikwe kwa kufuata mwezi wa angani. Atakayepanga tarehe na aulize mwaloni. Watamwambia bila kutazama kalenda.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.