MSITU WA UMMA NI AMANA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa mbali nasi, nalo ni namna dola ya Marekani ilivyoisimamia misitu yake ya taifa, na jinsi ilivyotaabika kusawazisha mambo matatu yanayovutana: ukataji wa mbao, moto wa mwituni, na maskani ya wanyama na ndege. Tumelichagua jambo hili kwa makusudi. Mali ya umma ni mali ya umma popote ilipo, na mwenye kushika amana hupimwa kwa mizani moja, awe ameshika eka kumi au eka milioni.

Na huko Marekani amana yenyewe si ndogo, kwani misitu ya taifa ni eka zipatazo milioni 193. Mwaka 1891 Bunge lao lilimpa Rais uwezo wa kuitenga misitu isiuzwe kwa watu. Sharia ya mwaka 1897 ikaeleza makusudio yake, yaani kuuhifadhi msitu wenyewe, kulinda maji ya mito, na kuwapatia wananchi mbao pasi na kukatika. Mwaka 1905, katika utawala wa Rais Theodore Roosevelt, misitu hiyo ikatiwa chini ya Wizara ya Kilimo, na bwana Gifford Pinchot akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu. Fikra yake, tukiieleza kwa lugha ya sisi watu wa madukani, ilikuwa hii: kula faida, usile rasilmali.

Fikra hiyo ni njema, wala hapana mwenye akili atakayeipinga. Basi ilikuwaje hata idara iliyoanza kwa fikra njema kama hiyo ikafika pahala pa kushitakiwa na watu wa ndege, kulaaniwa na watu wa mbao, na kuunguliwa na misitu ile ile iliyokabidhiwa? Jawabu letu ni kwamba kila zama ilimsikiliza mdai mmoja tu katika wale watatu, na wawili waliobaki wakaambiwa wangoje.

Tuanze na moto. Tarehe 20 na 21 Agosti, 1910, upepo mkali ulivuma katika milima ya Idaho na Montana, na kwa siku mbili moto ukateketeza eka zipatazo milioni 3. Watu wasiopungua 85 walikufa, na wengi wao walikuwa vibarua waliopelekwa kuuzima. Msiba huo uliingia katika nyoyo za wakubwa wa idara, nao wakaweka nadhiri ya kuufanya moto wowote kuwa adui. Mwaka 1935 ikatoka amri kwamba kila moto utakaoonekana lazima udhibitiwe kabla ya saa nne ya asubuhi ya siku ya pili yake. Mwaka 1944 akaanza kuchorwa katika matangazo dubu mmoja jina lake Smokey, awafunze wakubwa na watoto kuuogopa moto wa msituni.

Walakini misitu ile ilikuwa na khabari yake tangu kabla ya idara kuzaliwa. Katika sehemu kavu za magharibi, penye misonobari ya ponderosa, moto mdogo ulikuwa ukipita chini kwa chini kila baada ya miaka michache, ama kwa radi ama kwa mikono ya wenyeji. Msonobari mkubwa una gome nene, haudhuriki upesi. Moto ule ulikula majani makavu na miche iliyosongamana, ukaiacha miti mikubwa imesimama kwa nafasi. Wenyeji wa mto Klamath, kaskazini ya California, watu wa Karuk na Yurok, walikuwa wakichoma kwa wakati wake na kwa kiasi chake, ili wapate vijiti vizuri vya kusukia vikapu na mavuno mema ya matunda ya miti. Wakakatazwa, wakahesabiwa kuwa waharibifu. Wenye ilimu ya pahala pale hawakuulizwa.

Na wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kila mwaka ambao moto mdogo ulizimwa, majani makavu yaliongezeka na miche ikazidi kubanana, hata chini ya miti mikubwa pakawa na ngazi ya kuni inayotoka ardhini mpaka vileleni. Idara ilidhani imeufuta moto, kumbe iliuweka akiba. Ulipokuja tena haukupita chini; ulipanda juu ukaua kila kitu.

Sasa natuitazame mbao. Baada ya vita vya pili vya dunia Marekani ilijenga nyumba kwa mamilioni, na misitu ya watu binafsi ilikuwa imekwisha katwa sana. Macho yakageukia misitu ya taifa. Kipimo chao ni futi ya ubao, yaani kipande chenye urefu wa futi moja, upana wa futi moja na unene wa inchi moja. Mwaka 1987 zilitoka katika misitu ya taifa zaidi ya futi za ubao milioni elfu 12.

Hapa pana mtego ambao twaomba muuangalie sana. Kwa sharia ya mwaka 1908, robo ya mapato ya misitu hiyo ilipewa wilaya zake kwa ajili ya skuli na barabara. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake ni kwamba skuli ya kijijini ilitegemea shoka. Miti mingi ikikatwa, skuli inapata fedha. Ikikatwa michache, fedha inapungua. Ni mzazi gani atakayesimama mkutanoni kuutetea mti ilhali mtoto wake anasomeshwa kwa kukatwa kwake? Ilipofika mwaka 2000 ndipo Bunge lilipotunga sharia ya kuzipa wilaya hizo fedha zisizotegemea idadi ya magogo.

Si kwamba sharia za kulinda hazikuwapo. Sharia ya mwaka 1960 ilisema kuwa misitu ya taifa ni ya matumizi matano kwa pamoja: matembezi, malisho, mbao, maji, na wanyama na samaki. Sharia ya mwaka 1976 ikalazimisha kila msitu uwe na mpango wake, na wananchi wasikilizwe. Lakini karatasi ilisema matano, na shoka likajua moja.

Mdai wa tatu akaja na wakili wake. Katika misitu mikongwe ya Washington, Oregon na kaskazini ya California huishi bundi mwenye madoa, ambaye hutaka miti ya kale, mirefu na yenye mapango. Mwaka 1990 akatiwa katika orodha ya viumbe walio katika khatari. Mwaka 1991 Jaji William Dwyer akasimamisha uuzaji wa miti katika misitu ya bundi huyo, akaona kuwa idara ya serikali imeivunja sharia ya serikali yenyewe. Mwaka 1994 ukatoka mpango mmoja wa eka zipatazo milioni 24 katika majimbo hayo matatu. Ukataji katika misitu ya taifa ya nchi nzima ukashuka, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa futi za ubao zipatazo milioni elfu 2 tu kwa mwaka.

Viwanda vikafungwa, na watu waliozaliwa katika kazi ya msumeno wakakosa kazi. Khasara ile ilikuwa ya kweli, na anayeicheka hana huruma. Lakini si haki kumtupia bundi lawama yote, kwani mashine zilikwisha anza kupunguza wafanyakazi, na miti mikongwe yenyewe ilikuwa ikimalizika. Wala bundi hakuokoka kwa kufungiwa msitu. Bundi mwengine, mkubwa zaidi, alikuja kutoka mashariki akamnyang'anya makao, na moto mkubwa ukaunguza sehemu ya misitu aliyowekewa. Mwaka 2024 serikali ilipitisha mpango wa kumwinda huyo mgeni kwa bunduki. Tunajifunza kwamba kuuacha msitu peke yake, baada ya kuuharibu mpangilio wake, si usimamizi.

Basi deni la moto likaanza kulipwa. Mwaka 1995 kuzima moto kulichukua asilimia 16 ya fedha za Idara ya Misitu; mwaka 2015 kulichukua zaidi ya nusu. Fedha za kupunguza kuni zilikuwa zikiliwa na moto uliotokana na kuni zisizopunguzwa. Mwaka 2018 Bunge likatenga fungu la peke yake kwa miaka ya moto mkubwa. Hata hivyo, katika mwaka 2020 na 2021, maelfu ya miti ya sekwoya ya California, iliyoishi na moto kwa karne nyingi, iliuawa na moto.

Dawa yake, kama wasemavyo Waswahili, dawa ya moto ni moto. Katika misitu mikavu hukatwa miti midogo iliyosongamana, mikubwa ikaachwa, kisha huwashwa moto wa kupangwa wakati wa baridi na unyevu. Miti mengine iliyokufa huachwa imesimama, kwani wako vigong'ota wanaopata riziki katika msitu ulioungua. Lakini katika misitu ya pwani yenye mvua nyingi, ambayo kwa asili huungua mara moja katika karne kadhaa, dawa hiyo haifai. Anayetaka kutumia kanuni moja kwa misitu yote ni kama mganga mwenye chupa moja kwa kila maradhi.

Na hapa pana jaribu. Mti mdogo unaopaswa kukatwa hauna bei. Mti mkubwa unaopaswa kubaki ndio wenye bei. Kila mara atatokea wa kusema, tuuze mikubwa michache tulipie kazi ya midogo. Huyo ndiye anayekula rasilmali na kuiita faida.

Wala dawa yenyewe haikosi khatari. Mwaka 2022, katika jimbo la New Mexico, moto uliowashwa na idara kwa mpango ulitoroka, ukaungana na mwengine uliofufuka katika marundo waliyoyachoma wakati wa baridi, ukala eka zaidi ya 341,000 na mamia ya nyumba. Idara ikasimamisha mioto ya kupangwa kwa siku 90 ijitazame, na Bunge mwaka huo huo likapitisha sharia ya fidia. Aliyewasha alikubali kwamba ndiye aliyewasha. Hilo ni jambo la kuigwa na kila serikali.

Ndugu zetu, kila mwenye kusimamia msitu wa umma yafaa aulizwe mambo manne. Umekata nini, na kwa bei gani? Umekiacha nini, na kwa ajili ya nani? Umeuandalia nini moto ambao hapana budi utakuja? Na wenyeji wa pahala pale, umewauliza kabla ya kukata na kuwasha, au umewaarifu baadaye? Akijibu matatu na kukwepa la nne, huyo bado hajajibu.

Mali bila daftari hupotea bila khabari. Msitu nao una daftari lake, na ukurasa wa mbao, ukurasa wa moto na ukurasa wa viumbe husomwa pamoja, mbele ya watu, mchana.