Nafasi ya Kupanda na Uzima wa Mbegu ya Maharage

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Jambo nililolichagua ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna chakula cha mwaka ujao: umbali kati ya mche na mche wa maharage, na jinsi umbali huo unavyoitengeneza mbegu au kuiharibu.

Wengi wetu hatukuzaliwa Ugogo. Tangu ilipoamriwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, watumishi wamekuja kutoka Kagera, Mbeya, Kilimanjaro na kwingineko, ambako mvua ni nyingi na maharage humea hata chini ya migomba. Tumekuja na mbegu zetu, na desturi zetu pia. Lakini Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600. Ndiyo sababu wenyeji hutegemea mtama, uwele, kunde na njugu mawe. Na maharage hupenda zaidi sehemu za juu, zenye baridi kidogo, kama zile za Kondoa na Mpwapwa. Atakaye kuyapanda hapa hana budi kupima kwanza.

Kipimo kinachofundishwa na mabwana shamba ni hiki: mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 20, na mbegu mbili kila shimo. Hesabu yake ni miche 200,000 katika hekta moja.

Je, mtu akiisonga miche kupita hapo? Hunyang'anyana maji na jua, na kila mche huzaa maganda machache. Hilo peke yake si hasara kubwa, kwa kuwa wingi wa miche waweza kulifidia. Hasara yenyewe huja mvua ikikatika wakati maganda yanapojaza: punje husinyaa, na punje iliyosinyaa hutoa mche dhaifu. Na mwaka wa mvua nyingi majani yaliyofunikana hayakauki upesi, hata ugonjwa wa chule ukaenea. Chule hukaa ndani ya mbegu yenyewe. Mkulima huuweka ghalani bila kujua, akaupanda tena kwa mkono wake.

Lakini asidhani mtu kwamba kutawanya ndiko dawa. Mche wenye nafasi kubwa mno huzidi kutoa matawi na maua. Maganda ya kwanza yamekauka, ya mwisho yangali mabichi. Mavuno yake ni mchanganyiko wa punje pevu na changa, na changa hazidumu ghalani. Tena ardhi iliyo wazi huchomwa na jua na kukaribisha magugu.

Karanga nazo zatufundisha vivyo hivyo. Zikipandwa mbali mbali, vidukari huzishukia na kueneza ugonjwa wa rozeti. Majani yakiifunika ardhi mapema, ugonjwa hupungua. Na mnakumbuka habari za Kongwa, hapo jirani: mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga uliokusudiwa kufikia ekari zaidi ya milioni 3, nao ukaachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Mpango ulitangulia, mvua na udongo vikaulizwa baadaye.

Basi, yafaa tufanye nini? Kwanza, tutenge kipande cha mbegu, kisichanganywe na cha chakula. Maana punje nyembamba huiva chunguni kama nene, lakini shambani hazilingani. Pili, tung'oe mapema kila mche wenye ugonjwa. Tatu, kabla ya msimu tuhesabu punje 100, tuzifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba hivi, kisha tuhesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, mbegu yafaa.

Ndugu zangu, mtumishi mbegu yake ikikataa kuota, mshahara utamnunulia unga. Jirani yake mkulima, aliyemwomba kibaba cha mbegu, hana mshahara, na mvua haimngojei mara ya pili. Basi tunachompa na kiwe kizima.